Siku moja karakana Tabora: bawa la Airbus A220 ya rimoti

Saa 1 asubuhi. Kipimo ni 1 kwa 12. A220-300 halisi, ndege ya abiria, ina urefu wa mita 38.7 na upana wa mabawa mita 35.1, hivyo modeli inatoka mita 3.2 kwa 2.9. Uzito tunaoulenga ni kilo 14. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Ndege hiyohiyo inatua kwa kasi ya karibu asilimia 6 zaidi kuliko Dar. Uzito ukizidi, kasi hiyo inapanda tena, ndiyo maana mizani haiondoki mezani.

Saa 2. Tunakata foma (povu gumu jepesi) kwa waya wa moto. Violezo viwili vya plaiwudi ya milimita 3, kimoja shinani mwa bawa, linapoungana na mwili, kingine nchani, kila kimoja na alama 1 hadi 10. Cha shinani ni kirefu zaidi, kwa hiyo aliye huku anakwenda haraka kuliko mwenzake, na lazima wafike kila alama pamoja. Wanahesabu kwa sauti: "Nne... tano... taratibu, mdogo wangu... sita." Ukivuta kwa pupa, waya unapinda katikati na ukingo wa nyuma unatoka na bonde. Ukichelewa, foma inayeyuka.

Kiolezo cha nchani kinainamishwa digrii 2, pua chini. Hili halina mjadala: bawa lililolala nyuma bila msokoto huo hupoteza mbebo, yaani nguvu ya hewa ya kuliinua, nchani kwanza, na ndege inabiruka ikiwa inatua.

Saa 5. Mkia, kwa balsa, mbao nyepesi sana. Mninga wetu ni mbao ya heshima, ila ya vitanda na milango. Uzito wa ziada mkiani unadai risasi, ile metali nzito, puani ili ndege isawazike.

Saa 8 mchana. Injini. Feni ya ndege halisi ni mita 1.85, kwa kipimo chetu sentimita 15.4, kwa hiyo feni ya umeme ya milimita 120 inaingia bila shida. Ukingo wa mdomo wa kuingizia hewa uwe wa mviringo. Ukiwa mkali, hewa inavurugika na nguvu inapungua wakati wa kupaa.

Saa 12 jioni. Faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa juu ya foma kwa gundi ya epoksi. Hatuifanyi asubuhi, kwa sababu joto likipanda hewa iliyo ndani ya foma inatanuka na kuinua vipovu chini ya kitambaa. Kitambaa ni cha gramu 49 kwa mita ya mraba. Nusu bawa, juu na chini, inataka gramu 40 hivi za epoksi pamoja na hadina, kigandishi chake. Gundi ya poliesta usiiguse, inakula foma. Ukishakoroga epoksi, mimina kwenye sinia pana. Ikirundikana kikombeni inajichemsha na kuganda. Kwangua kwa kadi ya plastiki mpaka nyuzi zionekane. Ikimeremeta, imezidi.

Saa 2 usiku. Bawa linalazwa kwenye maganda ya foma lilimokatwa, na uzito juu yake, ili msokoto usipotee. Msasa namba 240 baada ya saa 24, si kabla: epoksi mbichi inaziba msasa na kung'oa nyuzi.