Mwaka wa korona nilijifunza kuuliza: imeandikwa wapi?

Mwaka 2020 kila mtu huku Likoni, Mombasa, alikuwa na sheria yake mdomoni. Jirani aliapa kwamba rais amefuta kodi za nyumba. Mwenye duka alisema benki haziruhusiwi kudai mtu yeyote. Kazini nikaambiwa kwamba korona ni janga, na janga likiingia mikataba yote inasimama. Ukiuliza limetoka wapi, jibu lilikuwa moja: "Serikali imesema."

Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya kitalii Diani, tangu Septemba 2011. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla mwezi haujaisha wageni walikuwa wameshapanda ndege kurudi kwao na mabwawa ya kuogelea yamefunikwa. Tukapewa kwanza siku zetu za likizo ya mwaka. Sheria inatupa si chini ya siku 21 za kazi zenye malipo kamili, kwa hiyo hapo hakuna aliyelalamika. Baadaye ikaja barua kwa WhatsApp: likizo bila malipo kuanzia 1 Aprili "hadi mtakapojulishwa", tafadhali saini, piga picha, rudisha.

Wenzangu wengi walisaini jioni ile ile. Siwalaumu. Mtu anaogopa kwamba akikataa ndiye atakayekuwa wa kwanza kufutwa. Mimi nilimpigia binamu yangu, karani katika ofisi ya wakili mjini Mombasa, nikamsomea barua neno kwa neno.

"Dada, usikatae kuipokea," akaniambia. "Lakini usiikubali vilevile."

"Sasa nifanye nini, niibusu?"

Akacheka, kisha akanieleza. Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007, haina kifungu kinachompa mwajiri ruhusa ya kukupeleka nyumbani bila mshahara kwa kuamua peke yake. Kifungu cha 10 kinasema mambo ya msingi ya mkataba yakibadilishwa, mfanyakazi lazima ashauriwe, na mabadiliko yaandikwe. Mshahara ukitoka shilingi 21,000 ukawa sufuri, hakuna jambo la msingi kuliko hilo. Mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana, na wengi walikubaliana kweli mwaka ule kwa sababu hoteli zilikuwa hazina hata mgeni mmoja. Lakini kukubaliana kunataka watu wawili.

Nikaandika chini ya ile barua: "Nimepokea leo. Sijakubali kukosa mshahara. Niko tayari kuzungumzia nusu mshahara au zamu." Nikatia tarehe na saini, nikapiga picha, nikaituma. Nakala nikaituma kwa barua pepe yangu mwenyewe, maana simu huibwa na simu huingia maji. Mkataba wangu niliusoma wote usiku ule, kurasa mbili tu. Wale waliosema janga limesimamisha mikataba hawakuwa wameusoma. Haukuwa na neno lolote kuhusu maafa, vita wala maradhi.

Meneja wa wafanyakazi alinipigia kwa hasira kidogo. Nilimjibu kwa adabu, na simu ilipokatika nikamwandikia ujumbe: "Kama tulivyozungumza leo, umesema kwamba..." Hiyo nayo ni mbinu ya binamu. Mazungumzo ya simu hayana ushahidi mpaka mmoja ayaandike na mwingine asiyakanushe.

Kwenda Diani kuzungumza uso kwa uso kukawa haiwezekani. Kuanzia 8 Aprili kuingia na kutoka kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi kulipigwa marufuku. Likoni iko Mombasa, Diani iko Kwale, na mpaka ambao miaka yote tulikuwa tunaupita kwa matatu tukisinzia ukawa na kizuizi cha polisi. Nikawasiliana na afisa wa kazi wa serikali kwa simu na barua pepe. Sikuwa na chama cha wafanyakazi cha kunisemea, hoteli yetu haikuwa na tawi. Hapo niseme wazi: mwenye chama na mkataba wa pamoja alikuwa na ngao ambayo sisi hatukuwa nayo, na ningekuwa kijana naanza kazi leo ningeuliza hilo kabla ya kuuliza sare ni rangi gani.

Wakati huohuo nyumba inadaiwa. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili kwa 7,000 kwa mwezi. Nilipokwenda kwa mwenye nyumba, nilimkuta ana wasiwasi kuliko mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe uliyesoma. Ni kweli Uhuru amesema msilipe kodi?"

Ningeweza kusema ndiyo, nikapumua mwezi mmoja. Lakini haikuwa kweli. Hapakuwa na sheria wala agizo lililosimamisha kodi za nyumba Kenya mwaka ule, na rais kusema kitu kwenye televisheni si sawa na kitu hicho kuwa sheria. Nilimpa mfano ninaoujua mwenyewe. Msamaha wa kodi ya mapato kwa wanaopata hadi 24,000 kwa mwezi ulitangazwa 25 Machi, lakini ilibidi Bunge lipitishe sheria, nayo ikatiwa saini 25 Aprili. (Msamaha huo ulinihusu kabisa. Ulinikuta sina mshahara wa kukatwa.)

Mzee akatulia. Mwanawe, aliyekuwa amekaa kando, yeye alikuwa na lake: nisipolipa atatia kufuli mlangoni. Siku hizo habari za wenye nyumba kung'oa milango na mabati zilikuwa zimeenea. Nikamwambia pole pole kwamba deni ni deni na silikatai, ila kumtoa mpangaji kunataka amri ya mahakama au ya baraza husika. Ipo sheria inayomruhusu mwenye nyumba kukamata vitu kwa ajili ya kodi, lakini hukamatwa na dalali mwenye leseni, kwa utaratibu wake. Kijana wa nyumba hawezi kuja saa nne usiku kubeba televisheni. Lipo pia Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba, lakini hilo lina mpaka wake: ni kwa nyumba za hadi 2,500 kwa mwezi. Yangu ilipita hapo, kwa hiyo ugomvi wetu ungeishia mahakama ya hakimu, na mahakama zenyewe tangu katikati ya Machi zilikuwa zimepunguza kazi kwa ajili ya korona.

"Basi mimi na wewe tufike mahakamani kwa elfu saba?" mzee akauliza.

Tuliandika kwenye daftari la mjukuu wake. Nitalipa 3,500 kila mwezi mpaka nirudi kazini, nusu iliyobaki ni deni, nitalilipa kidogo kidogo, na hatoniongezea kodi kwa muda huo. Tulisaini wote, mwanawe akawa shahidi. Nilipenda kwamba yule kijana ndiye aliyetia saini ya ushahidi, kwa sababu tangu siku hiyo hakutaja kufuli tena. Zile 3,500 nilizipata kwa kukaanga mahamri na bajia na kuwauzia majirani.

Mkopo haukunipotezea muda mrefu. Nilikuwa na deni la Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, na nilikuwa nimesikia kwamba Benki Kuu imeagiza wakopaji wasaidiwe. Ni kweli, tarehe 18 Machi ilitoa utaratibu wa benki kuongeza muda wa mikopo iliyokuwa inalipwa vizuri kufikia 2 Machi. Lakini utaratibu huo ulikuwa wa benki. Sacco yangu ikaniambia niandike ombi, na nikafanya haraka kwa sababu ya wadhamini wangu. Nikichelewa, ni wao watakaokatwa. Nilipewa miezi ya kupumua, nikilipa riba tu. Ile mikopo midogo ya kwenye simu, ambayo wapigaji wake walikuwa wanatishia watu kuwaandikisha kwenye orodha ya wasiolipa madeni, ilikuwa na jibu rahisi: kuanzia Aprili Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa nayo kupeleka majina ya watu huko. Deni halikufutika, ila tisho lilikwisha meno.

NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, nusura inipite. Mwajiri asipolipa mshahara alikuwa hapeleki makato, na makato yasipokwenda kadi ilikuwa inalala. Nikabadilisha nikawa mchangiaji wa hiari, 500 kwa mwezi. Kukaa na watoto wakati wa maradhi bila kadi ya hospitali sikuthubutu.

Halafu kuna usiku wa kafyu. Kafyu ilianza 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku ya kwanza tu tuliona sote kwenye televisheni watu wakipigwa na kutupiwa mabomu ya machozi hapa kivukoni kabla hata saa haijafika. Mdogo wangu huendesha bodaboda. Jioni moja akampeleka mama mjamzito zahanati, akakamatwa akirudi. Alinipigia kutoka kituoni, na mimi siwezi kutoka kwenda kumwona, kwa sababu nami nikitoka nimevunja kafyu ile ile. Nikakaa kitandani na Katiba kwenye simu.

Ibara ya 49 ndiyo ya kukariri. Aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na mtu, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Na kuna kipande ambacho wengi hawakijui: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa ajili yake. Nikampigia aliyekuwa zamu, nikamsalimu, nikamuuliza mambo mawili tu: mdogo wangu anashtakiwa kwa kosa gani, na ikihitajika dhamana ya pesa, nitapewa risiti? Sikumwambia kwamba najua sheria. Ukimwambia askari hivyo saa tatu usiku unamchokoza. Neno risiti peke yake lilitosha. Zahanati nayo ilimwandikia barua ya kuthibitisha, na asubuhi aliachiliwa bila mashtaka. Tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu, katika kesi ya Chama cha Mawakili, ikaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali lakini nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi kuitekeleza ilivunja Katiba. Mdogo wangu bado ana picha ya habari hiyo kwenye simu, kama hirizi.

Tarehe 7 Julai vizuizi vya kaunti viliondolewa. Hoteli iliita wachache warudi. Mimi sikuitwa, na Oktoba nikapata notisi kwamba mwezi ujao nafasi yangu itafutwa kwa kukosa biashara.

Kufuta nafasi kunaruhusiwa, na mwaka ule hoteli zilikuwa na sababu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ndicho kinachosema namna: notisi ya maandishi si chini ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, wanaoondoka wachaguliwe kwa kuangalia muda wa kazi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwao, walipwe siku za likizo walizobakiza, na kiinua mgongo kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Nikamuuliza afisa wa kazi kama amepata nakala ya notisi. Hakuwa ameipata.

Hesabu yao ilikuwa miaka minane. Walikuwa wamesimamisha saa tarehe 31 Machi, siku ya mwisho waliyonilipa, kana kwamba miezi ya likizo bila malipo sikuwa mfanyakazi wao. Kwa mshahara wa 21,000, siku moja ni 700. Miaka minane ni siku 120, shilingi 84,000. Miaka tisa, Septemba 2011 hadi Septemba 2020, ni siku 135, shilingi 94,500. Tofauti ya 10,500 ni mwezi na nusu wa kodi ya nyumba.

Mbele ya afisa wa kazi nilitoa karatasi moja tu kwanza, ile yenye "Nimepokea. Sijakubali." Mwakilishi wa hoteli aliisoma mara mbili. Miaka tisa ikakubaliwa bila ubishi mrefu. Kwa mishahara ya miezi waliyonikalisha nyumbani, tulivutana. Nilijua ningeweza kwenda Mahakama ya Ajira, na kwamba nina miaka mitatu ya kufungua kesi, lakini nilijua pia hoteli haina pesa na kesi ina foleni. Nikakubali nusu ya ile mishahara, pamoja na kiinua mgongo chote na siku za likizo, kwa awamu tatu zenye tarehe, na nikakataa kusaini kwamba sina dai jingine hadi awamu ya mwisho iingie M-Pesa. Ya mwisho ilichelewa, lakini iliingia.

Wenzangu waliosaini jioni ile ya Machi walipata kiinua mgongo, lakini wengi wao hawakupata chochote kwa miezi ile. Wawili walifuatilia baadaye wakisema walilazimishwa, na walichopata hawakuniambia.

Cheti cha utumishi walisahau kunipa. Ni haki, kifungu cha 51, na hakimgharimu mwajiri kitu. Niliomba kwa barua, kikaja na tarehe sahihi za kuanza na kumaliza, na ndicho nilichopeleka nilipoomba kazi ninayofanya sasa.