Mlinzi wa vitu vyangu mwenyewe

Lubumbashi, Alhamisi 15 Septemba 2022

Uisie, mtu wa mahakama anayekamata vitu vya mwenye deni, alifika juzi, saa mbili na nusu asubuhi. Kumbe sheria inamkataza kuingia kabla ya saa mbili. Basi yeye alikuja kwa wakati wake. Mimi ndiye niliyekuwa bado na kitenge cha kulalia.

Hukumu ya deni langu ilitoka mwezi wa sita. Karatasi iliyofuata, ile ya kunipa siku 8 nilipe, niliikunja nikaiweka chini ya kopo la chumvi, kama vile chumvi ingelipa. Deni ni langu, sikatai. Nilikopa dola 1,500 za kuuza mpiodi, samaki wa friza, umeme ukapotea siku tatu, samaki wakaoza. Niliwazika usiku nyuma ya nyumba, majirani wasinuse. (Walinusa.)

Mtu mwenyewe alikuwa na adabu, afadhali angefoka. "Mama, samahani, naomba nipite hapo." Akaandika polepole: friza moja nyeupe, kifuniko kina kutu. Runinga. Viti 4 vya mbao. Kitanda alikipita bila kukitazama. Kisha akanipa kalamu nitie sahihi.

"Havitoki leo, Mama. Mlinzi wake ni wewe."

Tangu juzi naizunguka friza yangu kama mgeni. Ruhusa ya kuitumia ninayo, kuihamisha sina. Shemeji alitaka tuvibebe usiku hadi kwake Katuba. Nikamwambia kuficha vitu vilivyoandikwa ni kujitafutia kesi ya pili. Hizi ni sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara na madeni, nchi yetu imo tangu 2012, nami nazisoma leo. Nina mwezi mmoja wa kutafuta mnunuzi mwenyewe. Bei nitakayopata nampelekea uisie, na aliyenikopesha ana siku 15 za kukubali au kukataa. Nikishindwa, mnada, na mnadani friza yenye kutu itakwenda kwa bei ya sufuria.

Kinachoniuma zaidi: ningeweza kumwomba jaji anigawanyie malipo, mradi yasipite mwaka mmoja. Sikuuliza mtu. Niliona haya.

Leo mchana amekuja mfanyabiashara wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, akagonga friza kwa vidole, akataja dola 180. Nimeandika. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Mama, na barafu wameiandika?"

Nikamfungulia.