Mama, mimi si daktari wa wagonjwa

Kila nikipiga simu nyumbani, shikamoo na marahaba zikishapita, mama huuliza, "Mwanangu, huo ugonjwa mshaupatia dawa?" Amesikia nashinda maabara na seli, na kwamba siku hizi naitwa daktari, akajumlisha mwenyewe. Miaka yote nilikuwa namjibu juu juu, "Bado tunajaribu, mama." Juzi niliamua kumweleza kwa Kiswahili kazi yangu hasa ni ipi. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyomficha ili asihangaike.

Mimi ni mwanafizikia. Nilikuja huku kusoma sumaku na metali, muhadhara mmoja ukanigeuza. Mwalimu alituletea swali alilolizungumzia mwanafizikia Edward Purcell mwaka 1976: bakteria anaogeleaje? Bakteria aitwaye E. koli ana urefu wa kama mikromita 2 tu, yaani sehemu mbili za milioni za mita. Kwa udogo huo, mnato wa maji unamshinda nguvu kabisa. Mashua ukiacha kupiga kasia, huteleza mbele kidogo. Yeye akiacha kusukuma anasimama pale pale, ndani ya umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja. Kupunga mkia mbele na nyuma kama kasia nako hakumsaidii, kwani alichopata akienda hukipoteza akirudi. Ndiyo maana mikia yake huzunguka kama parafujo, ikiendeshwa na injini iliyojengwa kwenye utando wake. Jambo hilo Howard Berg na mwenzake walilieleza mwaka 1973. Usiku ule sikulala. Fizikia niliyoijua ilikuwa ya vitu vilivyokufa, kumbe sheria zile zile ndizo zinazoamua kiumbe aishi vipi.

Nikahamia kwenye kinesini. Hii ni protini inayotembea ndani ya seli juu ya vijibomba vyembamba, ikibeba mizigo, na kila hatua yake ni nanomita 8, yaani sehemu nane za bilioni za mita. Tunaishika kwa kibano cha mwanga, kifaa kilichompa Arthur Ashkin Nobeli ya mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Miale ya leza inakusanywa mahali pamoja, pale pale inanasa ushanga mdogo wa plastiki, na kinesini imeshikamana na ushanga. Kinesini ikitembea, inauvuta ushanga, nasi tunausoma mvuto wake kwenye skrini.

Tatizo ni kwamba huko chini hakuna kinachotulia. Molekuli za maji zinaugonga ushanga kutoka kila upande, mtikisiko ule ule aliouona mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1827 kwenye chembe zilizotoka katika chavua. Kwa hiyo swali langu la kila siku ni moja: hiki kinachosogea kinatembea, au kinatikiswa tu?

Mwaka wa pili wa uzamivu nilidhani nimelijibu. Mstari kwenye skrini ulipanda kama ngazi, safi kabisa, nikakimbilia kwa msimamizi wangu. Alikuja, akatazama, akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Zima feni." Nikazima. Ngazi ikapotea. Miezi minne ya data zangu ilikuwa mtetemo wa feni hiyo, uliokuwa ukipita kwenye meza. Nilirudi chumbani nikalia, na hili mama sikumwambia.

Niliianza kazi upya, usiku, feni zikiwa zimezimwa na mlango umefungwa. Wiki ya sita, saa nane usiku, mstari ulitetemeka mahali pamoja, ukaruka, ukatetemeka, ukaruka tena. Nane. Nane. Nane. Safari hii sikukimbia kwa mtu. Niliosha sampuli nikaondoa ATP, ambayo ndiyo chakula chake, nikasubiri. Ngazi ikakoma, mtikisiko ukabaki. Nikairudisha ATP, ikaanza kupanda tena. Hapo ndipo niliamini.

Baada ya uzamivu ndipo ugumu mwingine unapoanza, na vijana wanaoniandikia wanastahili kuujua. Nimekaa nchi tatu kwa mikataba ya miaka miwili miwili, viza ikifuata mkataba. Idara moja ya fizikia iliniambia kazi yangu ni biolojia. Idara ya biolojia ikaniambia mimi ni fundi wa leza. Maombi ya ruzuku nimeshanyimwa mengi kuliko niliyopewa. Anayetaka njia hii ajifunze takwimu na kuandika programu mapema, tena asiogope kulowesha mikono maabara, maana wanaojua upande mmoja tu huwa wanakwama. Mimi hunipa moyo kukumbuka kwamba uwanja huu umejengwa na wahamiaji wengi. Mwanafizikia Schrödinger alikuwa Mwaustria aliyekimbilia Dublin, na huko ndiko alikotoa mihadhara yake mwaka 1943 kuhusu uhai ni nini. Max Delbrück, mwanafizikia, aliondoka Ujerumani mwaka 1937 akaenda Marekani, akaishia kupata Nobeli ya tiba mwaka 1969 kwa kazi ya virusi vinavyoshambulia bakteria.

Mama alinisikiliza bila kunikatiza, jambo la nadra. Kisha akauliza, "Na huyo mdudu wako anabeba nini?"

Nikamwambia si mdudu, ni protini, na mizigo yake ni vitu ambavyo seli inavihitaji mbali. Neva inayofika kwenye vidole vya mguu ina kiini chake karibu na uti wa mgongo. Vinavyotengenezwa kule juu husafirishwa karibu mita nzima, kwa hatua hizo hizo za nanomita 8, safari ya siku kadhaa.

Akanyamaza kidogo.

"Hata sasa hivi? Kwenye mguu wangu huu?"

"Hata sasa hivi, mama."