Columbus hadi Bakersfield, tela likiwa nyuma

Barabara ya I-70 inapita katikati ya jiji la Columbus, Ohio. Ukiishika kuelekea magharibi na usiiache, inakupeleka mpaka Cove Fort, Utah, inakoishia. Kwa hiyo mke wangu, ambaye ni nesi wa mikataba, alipopata kazi ya wiki 13 Bakersfield, California, nasi tukaamua kwenda na tela letu la kulala badala ya kuhangaika na kodi za nyumba, jamaa zetu waliona hakuna cha kujadili. Shika I-70, vuka Denver, vuka milima, umefika.

Simu nayo iliitaja njia hiyo bila kusita. Lakini simu haijui una nini nyuma. Inakupigia hesabu kana kwamba uko peke yako kwenye Corolla, na kituo cha mafuta ikikuonyesha ni kile cha kona ambacho pikapu yenye tela ikiingia haitoki bila watu kusogeza magari yao.

Nikampigia baba mdogo. Alikula maisha yake kwenye malori ya Dar es Salaam na Lusaka, na Mlima Kitonga anaujua kona kwa kona.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Unavuta tani ngapi?"

Nikamwambia tatu kasorobo, na kwamba pikapu ni ya petroli, haina tabo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa.

"Kilomita achana nazo. Niambie mlima mkubwa uko wapi na mteremko wake ukoje. Halafu niambie upepo unatoka wapi."

Basi nikakaa na ramani upya. Magharibi ya Denver, I-70 inapanda mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu theluthi ya nguvu zake, tena pale pale unapozihitaji. Ukitoka handakini unaanza kuteremka kwenda Silverthorne, mteremko mrefu na mkali wenye njia za changarawe pembeni za kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Ukidhani umemaliza, unakutana na Vail Pass, mita 3,250, unaanza tena. Na sisi tulikuwa tunasafiri mwanzoni mwa Aprili. Sheria ya Colorado inataka gari dogo kwenye kipande hicho cha milimani liwe na matairi yanayofaa kwa theluji au libebe minyororo kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31. Serikali ikikwambia beba minyororo mpaka Mei, inajua inachokisema.

I-80, inayopita juu kidogo kwenye ramani, haina milima ya kutisha hivyo. Kilele chake, Sherman Summit kule Wyoming, ni mita 2,633. Shida yake ni upepo. Kati ya Laramie na Rawlins unavuma mpaka barabara inafungwa kwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu, na tela la kulala ndilo hilo hasa: boksi la bati jembamba, ubavu mpana, uzito kiduchu. Tena kwetu ilikuwa kuzunguka. I-10 ya kusini sikuipotezea muda, iko mbali mno na Ohio.

Ikabaki I-40. Unaenda nayo I-70 hadi St. Louis, unachukua I-44 mpaka Oklahoma City, halafu I-40 hadi Barstow. Jumla ni kilomita 3,600 na ushei, haipishani sana na ile ya Denver. Ila sehemu yake ya juu kabisa, magharibi ya Flagstaff, ni mita 2,236. Zaidi ya mita 1,100 za kupanda na kuteremka zimepungua, nami nimelipa nini? Karibu na bure. Nilipomtumia baba mdogo namba hizo akajibu kwa sauti: "Hapo sasa unaongea kama dereva."

Kabla ya kuondoka tulipitia mizani. Mtanzania akisoma hapa atacheka: nani anajipeleka mwenyewe mizani, tena kwa kulipa? Huku mtu wa tela la familia halazimishwi, ila vituo vikubwa vya malori vina mizani ambayo yeyote anaweza kupanda. Matairi ya mbele yanakaa kwenye bamba lake, ya nyuma kwenye lake, ya tela kwenye lake. Unabonyeza kitufe, unaongea na mtu wa ndani, unapewa karatasi. Halafu unalifungua tela, unapima pikapu peke yake, na tofauti ya uzito wa pikapu ndiyo mzigo ambao tela limeuweka kwenye ndoano. Inatakiwa iwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote. Ikiwa chini ya hapo, tela linacheza mkia barabarani. Yetu ilikuwa inagusa kumi kwa shida, kwa sababu unga wa ugali, mchele na kreti za vyombo vilikuwa vimepangwa nyuma kabisa. Tukahamishia mbele. Tangi la maji, ambalo nalo liko nyuma, tukalimwaga: lita 150 ni kilo 150, na maji yapo njia nzima.

Indiana, Illinois na Missouri sina la kusema zaidi ya kwamba tuliuzunguka mji wa Indianapolis kwa I-465 na ilikuwa busara. Oklahoma, I-44 ni ya kulipia kuanzia mpakani mpaka Oklahoma City, ukiacha kipande cha kupita Tulsa, na tozo inahesabu ekseli. Hakuna kibanda. Kamera inapiga picha namba ya gari, bili inakuja kwa posta. Kila kituo nilishuka nikapapasa vikombe vya magurudumu ya tela kwa kiganja. Vikiwa vuguvugu vyote sawa, twende. Kimoja kikichoma kuliko wenzake, beringi au breki ina neno. Mke wangu akawa ananiita utingo wake, maana usukani alikuwa nao yeye nusu ya njia.

Upepo ulitupata Texas. Tambarare ya Amarillo haina kitu cha kuuzuia, na majira ya kuchipua ndiyo wakati wake. Karibu na Groom, pale penye msalaba mweupe wa mita 58 unaoonekana toka mbali, nilikuwa naendesha mimi. Lori lilitupita kwa kasi. Kwanza hewa ya pua yake ikalisukuma tela kando, halafu lilipokuwa ubavuni likatuvuta kuelekea kwake, na upepo wa kusini ukadakia. Nikaona kwenye kioo nyuma ya tela inakwenda kushoto, inarudi kulia, inazidi. Katika hali hiyo mguu wa breki ndio unaoua. Unatoa mguu kwenye mafuta, unashika usukani ukiwa umenyooka, na kwa vidole unabana taratibu kile kiwiko kidogo chini ya dashibodi kinachofunga breki za tela peke yake. Tela likifunga breki linajivuta nyuma na kunyooka. Lilinyooka. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipoingia Amarillo, ndipo akasema, "Tunalala hapa."

Tukalala. Kesho yake tuliondoka alfajiri, kwa kuwa upepo wa kule huwa umepoa asubuhi na kuamka jua likipanda. Tulipita Adrian, ambako kibao cha Route 66 kinasema Chicago ni maili 1,139 na Los Angeles ni maili 1,139, na hatukusimama kupiga picha. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumeshaingia New Mexico.

Kupanda kwa I-40 ni kwa uvumilivu. Kutoka Albuquerque unapanda pole pole hata hujui, mpaka unaona kibao cha mgawanyo wa maji wa bara, mahali ambapo mito ya upande mmoja inaelekea mashariki na ya upande wa pili magharibi, mita 2,200 hivi. Mteremko wenyewe ni ule unaotoka Flagstaff kwenda Ash Fork. Hapo nilisikia sauti ya baba mdogo: gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Nikashusha gia mapema, kabla ya mteremko kuanza, injini ikanguruma na kutushika. Breki niligusa mara moja moja, kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha nikaachia zipoe. Malori yalishuka vivyo hivyo kulia kwetu. Pikapu nyingine yenye tela ilitupita na taa nyekundu zimewaka mwanzo mwisho, nasi tukaikuta Ash Fork imeegeshwa, magurudumu yananuka.

Needles, upande wa California, wakaguzi wa kilimo walituuliza kama tuna matunda. Mke wangu alikuwa ameshamaliza machungwa yote maili chache kabla ya daraja la mto Colorado, nami nikalazimishwa mawili. Kutoka hapo mwendo ni maili 55 kwa saa, kilomita 88, na unakaa njia ya kulia. Ndiyo sheria ya California kwa yeyote anayevuta tela. Tulivuka jangwa la Mojave asubuhi, tukashika barabara ya 58 kupitia Tehachapi, mteremko wa mwisho, gia ile ile.

Mkataba unaisha Julai, na hesabu yote inageuka. Needles mwezi huo joto hupita nyuzi 40, na tairi la tela lenye mzigo halipendi lami ya moto. Theluji ya Wyoming itakuwa imeyeyuka, na upepo wa magharibi utakuwa mgongoni. Kwa hiyo safari ya kurudi tunaiangalia I-80, kupitia Sacramento. Baba mdogo ameshauliza kilele cha Donner kina mita ngapi. Nimemwambia 2,206, anataka kujua mteremko wa kuingia Reno.