Yoros: ngome ya ushuru na samaki wa kupimwa kwa gramu

Jumapili maduka mengi ya Laleli, mtaa wa nguo za jumla kule Istanbul, yanafungwa, sasa kama mzigo wako haujakamilika na watu wa kago hawapokei mpaka kesho yake, unabaki chumbani unaangalia dola zinavyoyeyuka. Mimi na dada mmoja wa Mombasa tuliyejuana hapo hotelini, yeye anachukua abaya na mitandio, mimi nguo za watoto, tukaona bora tupande meli inayotoka gati la Eminönü asubuhi kukata mlango wa bahari wa Bosphorus mpaka mwisho, kijiji cha Anadolu Kavağı, upande wa Asia. Kijana wa mapokezi alisema juu ya kijiji kuna ngome inaitwa Yoros, ya Wabizanti, wale Warumi wa Mashariki waliotawala pale kabla ya Waturuki.

Njiani baridi na upepo, chai ya kikombe kidogo kisichojaa hata kiganja. Tuliache hilo.

Kushuka tu gatini wanaume wa migahawa wakatuzunguka, karibu karibu, samaki samaki. Mtu wa Kilwa ukimtajia samaki umeshammaliza. Jamaa akatuonyesha walivyopangwa juu ya barafu, nikauliza bei akasema bei nzuri rafiki, kaa kwanza. Tukakaa. Vikaanza kuja visahani, zeituni, mtindi wenye kitunguu saumu, biringanya, mkate, hakuna aliyeagiza, ila sisi kwa akili za kwetu tukajua ndio kachumbari na pilipili, vinakuja na chakula. Samaki wenyewe wakaja wawili saizi ya changu mdogo, wa kuchoma, hawana ndimu ya maana wala pilipili, wakavu.

Risiti ilivyokuja nikapiga hesabu kwenye simu, laki mbili na kitu za kwetu! Kumbe samaki wanampima kwa gramu akiwa mbichi na kichwa chake na matumbo yake, mkate unalipiwa, kila kisahani na bei yake, na kulikuwa na hela ya kukalia meza. Nikaanza kutoa kadi kinyonge, mgeni utafanyaje. Dada akanishika mkono, "Wallahi kaka, usitoe kitu hapa, ngoja."

Akamwita yule jamaa, akavuta visahani kimoja kimoja mbele yake, Kituruki chake cha kununulia abaya, kikiisha anaongezea Kiswahili cha Mombasa kabisa, "Hiki nimekigusa? Na hiki je? Kiangalie!" Zeituni zilikuwa hazijapungua hata moja. Sauti ikapanda, meza za jirani zikageuka, akatoka mzee wa ndani, nadhani ndiye mwenye mgahawa, wakasukumana na kalamu juu ya risiti ile, wakafuta zeituni, wakafuta mtindi, hela ya meza ikafutwa, biringanya akagoma kwa sababu mimi nilishaichovya mkate. Theluthi nzima ikaondoka. Mzee akatuletea chai akasema hii bure, dada akamuuliza mara mbili kama kweli bure ndio akanywa.

Muda ukawa umeenda na meli ya kurudi ina saa yake, tukapanda mlima mbio mbio. Mteremko mkali, pembeni mabango ya jeshi ya kukataza watu. Juu unakuta minara miwili mikubwa ya lango, matofali na mawe yamejengwa kwa mistari, imechongoka juu kwa kubomoka, ukutani misalaba na herufi za Kigiriki. Lango lina uzio, watu wa mambo ya kale wanachimba, huingii. Laki na kitu ya samaki halafu unachungulia ngome kwenye nyavu za waya!

Ila zunguka pembeni uone. Mbele ni Bahari Nyeusi yote inafunguka, chini mlango mwembamba, na meli za mizigo zinapita moja moja kama zimepanga foleni. Hapo nikaelewa. Sehemu hii tangu zamani inaitwa Hieron, mfalme wa Wabizanti, Justinian, karne ya 6 aliweka afisa wa forodha, kila jahazi linalotoka kule lazima lipite chini ya pua yake. Ngome ilikuja baadaye sana, Bayezid wa Kwanza, sultani wa Waturuki, akaichukua 1391, miaka 60 na zaidi kabla Istanbul yenyewe haijaanguka, halafu Wagenoa, wafanyabiashara wa Genoa ya Italia, nao wakaishika, mpaka leo wenyeji wengine wanaiita ngome ya Wagenoa. Kila aliyeitaka alitaka kitu kimoja, kusimama penye njia na kudai chake. Jamaa wa mgahawa amerithi kazi tu.

Kwetu si hivyo hivyo? Kilwa ilinona kwa dhahabu ya Sofala na vitambaa, masultani wakikata ushuru, Mreno akaja 1505 na mizinga akajenga boma lake palepale pwani. Tofauti ni kwamba Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani pale Kilwa Kisiwani, unaingia mpaka ndani, unasimama ukingoni mwa lile bwawa la pembe nane, bahari iko chini yako. Huku hawana hicho. Wao wana vibanda vya chai mlimani kila hatua, sisi ukitoka Husuni Kubwa jua la saa saba hata dafu ubahatishe, ndio maana mtalii anakaa masaa mawili anarudi Kilwa Masoko ng'ambo.

Nilimwambia dada hayo kwenye meli, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza boti ya kuvuka kwenda Kisiwani ni bei gani. Nikamwambia inategemea na nahodha. Akacheka sana.