Siku tuliyotaka kupiga marufuku picha za code

Mwaka 2019 saiti yetu ya madevelopa, yaani watu wanaoandika code, maandishi ya programu za kompyuta, ilikuwa bado changa. Vijana wawili ndo walioijenga, kwa Django (mfumo wa kujengea saiti), seva wanailipia kwa hela zao za mfukoni, na watumiaji wake wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya hapa Dodoma pamoja na vijana wa mtaani wanaojifundisha wenyewe usiku kwa simu. Unauliza swali kwa Kiswahili mtu anakujibu kwa Kiswahili. Kwa mtu aliyekwama saa tano usiku Nkuhungu na hana rafiki hata mmoja anayejua function ni nini, ile saiti ilikuwa kitu kikubwa sana, na mimi naipenda mpaka leo.

Sasa watu walipoongezeka na malalamiko yakaongezeka, kila siku mtu anataka hiki mwingine anataka kile, wale vijana wakaona bora tukutane ana kwa ana. Likatafutwa darasa pale UDOM, ikapangwa Jumamosi asubuhi mwezi wa saba, ule wakati wa upepo wa Dodoma unaokausha midomo na baridi inakaa mpaka saa nne. Nikapanda daladala Jamatini na sweta langu. Nilipofika nikapewa maka pen niwe mwandishi, kila pendekezo linalotajwa naliandika ubaoni, mwisho watu wanapiga kura kwa kunyoosha mikono, lenye mikono mingi linafanyiwa kazi kwanza.

Mapendekezo yalianza kumiminika mpaka mkono unauma. Wanataka skrini nyeusi ya usiku, dark mode, hiyo ilipigiwa makofi kabla hata sijamaliza kuiandika (na kipindi kile hata Stack Overflow, ile saiti kubwa ya dunia ya maswali ya code, walikuwa hawana, waliileta 2020). Wanataka pointi kwa anayejibu. Wanataka meseji ya kawaida kwenye simu swali lako likijibiwa. Mwingine anataka sehemu ya matangazo ya kazi. Mengine yalikuwa mazuri, mengine yalikuwa ni vitu mtu kaviona kwenye saiti kubwa akavitamani tu.

Halafu likaja la picha.

Aliyelileta ni kaka mmoja mzoefu, mtu wa PHP (lugha ya kuandikia programu za saiti), mmoja wa wale wanaojibu maswali mengi sana bila kulipwa hata senti, kwa hiyo akisimama watu wanasikiliza. Akasema jamani tumechoka, mtu anapiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, picha imekaa upande, inang'aa taa, halafu anasema nisaidieni code yangu haifanyi kazi. Huwezi kuikopi ukaijaribu kwako, huwezi kuitafuta, na inakula bando la kila anayefungua. Hata Stack Overflow wanakataza picha za code, kwa nini sisi turuhusu? Pendekezo lake lilikuwa picha zipigwe marufuku, mtu akiweka swali lenye picha lifutwe moja kwa moja bila maelezo.

Darasa zima likaitikia. Na kusema ukweli hoja zake zote zilikuwa za kweli, picha za code ni mateso kwa anayetaka kusaidia, anayebisha hajawahi kujibu maswali. Nikaandika ubaoni: PICHA MARUFUKU.

Nyuma kabisa karibu na dirisha alikuwa amekaa mama mmoja, mwalimu wa hesabu wa sekondari kutoka Mpwapwa. Alikuja na basi la alfajiri kupitia Kongwa, begi lake lina vumbi jekundu mpaka kwenye zipu. Jioni huwa anaendesha klabu ya kompyuta kwa wanafunzi wake, na kwa kuwa kompyuta za pale hazitoshi anawafundisha lugha ya programu ya Python kwa kutumia simu yake mwenyewe, anaweka ile programu ya Pydroid 3 wanaandika kwa zamu. Tangu tuanze alikuwa hajasema neno. Akanyoosha mkono, mwenyekiti akasema, "Karibu madam."

Akasema, "Mimi sina pendekezo, nina swali. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliuliza hapa kwenu akatukanwa. Nataka kujua alikosea wapi."

Hakuna aliyecheka. Akaja mbele na simu yake, kioo kina ufa unaoanzia kwenye kamera, akamwonesha mmoja wa wale vijana wawili, wakaitafuta ile posti kwenye laptopu wakairusha kwenye projekta ili wote tuone. Ilikuwa programu ya mistari mitano tu, inauliza umri halafu inasema kama unaruhusiwa kupiga kura au bado. Kwenye skrini ilionekana hivi:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
if umri >= 18:
print("Unaruhusiwa")
else:
print("Bado")

Anayejua Python ameshaona. Ile mistari ya print ilitakiwa iingie ndani kidogo, kawaida spesi nne, maana Python inatumia hizo spesi kujua nini kiko ndani ya if na nini kiko nje. Bila hizo programu haianzi kabisa. Na chini yake majibu yalikuwa ya hivyo hivyo, mmoja kasema nenda kajifunze kwanza indentation ndo uje kuuliza, mwingine kasema kijana usitupotezee muda, wa tatu kaweka picha ya kucheka tu. Dogo alijibu kwa adabu kabisa kwamba spesi ameziweka. Akaambiwa hazionekani. Akahariri akaweka tena, na tena. Hazikuonekana.

Madam akasema, "Nilikuwa nimekaa naye. Kwenye simu yangu spesi zipo. Nimeziona kwa macho yangu."

Yule kijana wa saiti hakubisha, nilimpenda kwa hilo. Akaingia sehemu ya admini, akafungua swali la dogo ndani ya kile kisanduku cha kuhariri, na pale, mbele ya watu wote, print zote mbili zimeingia ndani. Spesi nyingi mno, maana dogo alipoona haziingii alikuwa anazidi kuongeza. Zilikuwa kwenye databesi, pale saiti inapotunza kila kitu, muda wote. Aliyezimeza ni ukurasa wenyewe.

Ngoja nieleze maana hapa ndo penyewe. Brauza ikisoma HTML ya kawaida, ile lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, spesi nyingi zikifuatana inazifanya kuwa moja, na zile za mwanzoni mwa mstari inazitupa kabisa. Kwa barua au habari hilo halina shida, ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa code unatakiwa uiambie usiguse, na tagi (alama ya HTML) ya pre kwa kazi hiyo ipo tangu HTML za mwanzo. Saiti yetu ilikuwa inapitisha kila kitu kwenye ile filta ya Django inayoitwa linebreaks, ambayo inatunza mistari mipya lakini haifanyi chochote kuhusu spesi. Kwa hiyo mistari inakaa sawa, ukiangalia haraka unaona mbona code imetoka vizuri, kumbe imeshakatwa miguu.

Na kwa nini hakuna aliyegundua miezi yote ile? Hili liliniuma sana. Wazoefu wetu karibu wote walikuwa watu wa PHP na JavaScript, na huko kuna mabano ya kuonesha nini kiko ndani, ukipoteza spesi zote code inabaki mbaya kwa macho lakini inafanya kazi. Python ndo inakufa. Na waliokuwa wanauliza maswali ya Python kwetu ni wale wanaoanza, wasiokuwa na pointi, wasiojulikana, ambao wakiambiwa wamekosea wanaamini wamekosea.

Madam akamalizia, taratibu, bila kupandisha sauti. Akasema yule mwanafunzi alipoona maandishi yanaharibika ndo akaazima simu ya pili akapiga picha simu ya kwanza, akaiweka, ili watu wajionee wenyewe kwamba spesi zipo. Akageuka akaangalia ubao. "Sasa hiyo mliyoandika hapo ndo itamfuta."

Nilikuwa nimesimama chini ya yale maandishi na maka pen mkononi. Yule kaka wa PHP akasimama mwenyewe akasema mwandishi naomba ufute, nikafuta. Mtu akauliza kwa hiyo picha ziruhusiwe milele, akamjibu hapana, ila Stack Overflow wanaokataza picha wamempa mtu pa kuweka code kwanza, tangu walipoanza 2008 ipo, sisi tunakataza na hatujampa.

Kijana wa saiti tayari alikuwa anaandika. Marekebisho ya haraka yalikuwa mstari mmoja tu wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, white-space: pre-wrap, unaoiambia brauza tunza spesi kama zilivyo na mstari ukiwa mrefu kuliko skrini ukunje. Akawasha hotispoti ya simu, mtandao wa pale ndani ulikuwa unasuasua, tukakaa tunaangalia ile duara inazunguka kwenye projekta watu arobaini na kitu wamenyamaza. Akarifreshi. Swali la dogo likasimama wima, if na else nje, print ndani. Na si la dogo tu, kwa kuwa spesi hazikuwahi kupotea kwenye databesi, maswali yote ya zamani ya Python yalinyooka kwa mara moja. Watu wakaanza kufungua simu zao wanatafuta maswali yao ya nyuma, mmoja anamwonesha mwenzake, ona hili, ona, niliambiwa sijui kitu.

Baada ya hapo ndo tukaanza kikao chenyewe sasa. Wakaja wataalamu wakasema tuweke Markdown, njia ya kupanga maandishi kwa alama, mtu aweke zile alama tatu za backtick (`) juu na chini ya code yake, ni rahisi tu. Madam akampa aliyesema hivyo simu yake akamwambia niwekee hizo alama. Jamaa akatafuta. Kwenye kibodi ya Google unabonyeza kwanza sehemu ya namba, haipo, unabonyeza tena ukurasa wa pili wa alama ndo unaikuta kule, na hapo inabidi urudie mara sita. Akairudisha simu akasema sawa madam, kiwekwe kitufe. Kikawekwa kitufe kimoja kikubwa kimeandikwa WEKA CODE HAPA, Markdown ikabaki kwa wanaoipenda.

Kulikuwa na ubishi mmoja ambao mimi na madam hatukukubaliana. Yale majibu mabaya, mimi nilitaka yaachwe na chini yake yaandikwe maelezo kwamba kosa lilikuwa la saiti, ili wengine wasome wajue. Madam akasema hapana, mtoto akifungua leo jioni asiyakute. Tulibishana kidogo, nikaona anaongea kama mtu atakayekaa na yule mtoto Jumatatu, mimi sitakaa naye. Yakafutwa. Yule kaka wa PHP akaomba yeye ndo ajibu swali lenyewe, maana kumbe katika zogo lote la spesi hakuna aliyewahi kulijibu. Tatizo la dogo lilikuwa jingine kabisa: input kwenye Python 3 inakurudishia maandishi, hata mtu akiandika 20 ni maandishi, huwezi kuyapima na namba 18, Python inakataa kwa TypeError. Dawa yake ni int(input(...)), hiyo int inageuza maandishi kuwa namba. Akaandika jibu refu, zuri, lina mfano, na mwanzoni akaweka: code yako ilikuwa imepangwa vizuri tangu siku ya kwanza, samahani.

Dark mode ilishinda kura za mikono siku ile, na ilikuja baadaye, sina ubaya nayo naitumia. Ila kitu kilichobadilika hasa ni fomu ya mapendekezo. Mwanzoni ilikuwa inauliza "Ungependa tuongeze nini?" Madam kabla hajawahi basi la saa nane alituambia wanafunzi wake hawawezi kujibu swali hilo, hawajui nini kinawezekana kuongezwa. Tukalibadilisha likawa "Ulikuwa unajaribu kufanya nini ikashindikana?" na kura za mikono tukaachana nazo, kila pendekezo linasomwa na mtu.

Kati ya yale ya kwanza kuingia lilitoka Mpwapwa, kwenye akaunti ya dogo, sentensi moja: nilikuwa naandika swali refu bando likakata, nimeweka vocha nimerudi sijakuta kitu. Kijana wa saiti akaweka rasimu zihifadhiwe kwenye simu yenyewe kwa localStorage, kila unapoandika inatunza bila kugusa mtandao, ikikatika ukirudi unaendelea ulipoishia. Dogo akajibu chini yake, "Inafanya kazi. Nimezima data makusudi nikajaribu."