Majina manne kwenye Interstate 5

Nikitoka Los Angeles kuelekea kaskazini na tela yangu nyuma, kabla ya kuanza kupanda mlima wa Tejon, hupita Santa Clarita, mahali ambapo mkono wa kushoto zinaonekana reli za mabembea ya bustani ya burudani ya Magic Mountain zikipinda angani. Kipande hicho cha barabara kuu ya Interstate 5 (I-5) kilipewa mwaka 2008 majina ya askari wanne wa polisi wa barabara kuu za California: Walter Frago, Roger Gore, James Pence na George Alleyn. Lori lenye tela haliruhusiwi huku kuzidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, lakini hata kwa mwendo huo kila sekunde moja inameza mita zaidi ya 24, na bango huwa limeshapita kabla jicho halijamaliza jina la pili. Mimi ilinichukua safari tatu kuyapata yote, na nilipoyapata nikataka kujua walikuwa akina nani.

Walikuwa vijana. Gore na Frago walikuwa na miaka 23, Pence na Alleyn 24, wote wameoa, na wote walikuwa hawajatimiza miaka miwili kazini. Usiku wa tarehe 5 Aprili 1970 zilifika habari kwamba mtu mmoja, akiwa ndani ya gari jekundu aina ya Pontiac, alimtishia dereva mwenzake kwa bastola baada ya ugomvi wa barabarani. Gore na Frago waliliona gari hilo, wakalifuata mpaka kwenye eneo la kituo cha mafuta pembeni ya barabara kuu, ikiwa imebaki dakika chache kutimia saa sita ya usiku. Frago aliuendea mlango wa abiria. Aliyekuwa ameketi upande huo, Jack Twinning, akaufungua na kumpiga risasi, na punde Gore naye akauawa na mwenzake Twinning, Bobby Davis. Pence na Alleyn walifika muda mfupi baadaye na kupokewa kwa risasi. Pence aliuawa akiwa anaijaza upya bastola yake, risasi moja moja kwa vidole, kwa sababu ndivyo askari hao walivyojaza bastola zao wakati ule. Mpita njia mmoja aliyekuwa anakwenda kazini alisimamisha gari lake, akajaribu kumvuta Alleyn atoke kwenye hatari, akaokota silaha ya askari huyo na kuwajibu wale watu kwa risasi, jambo ambalo mimi nikijiuliza kwa ukweli sijui kama ningelifanya. Yote hayo hayakuchukua hata dakika tano, na watoto saba wakabaki bila baba. Twinning alijiua asubuhi iliyofuata; Davis alihukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani mwaka 2009.

Miaka 38, basi, ilipita kati ya vifo vile na bango. Kwa California jina la namna hii hupitishwa kwa azimio la mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, na katika azimio hilo idara ya uchukuzi huagizwa ikadirie gharama za mabango na kuyasimika pale tu fedha za kutosha zitakapopatikana kutoka nje ya serikali. Maana yake ni kwamba jimbo hutoa heshima, na watu wengine hulipia bati na nguzo. Mwanzoni niliuona huo kuwa ni ubahili. Sasa sioni hivyo sana, kwa kuwa mchango humlazimu mtu atamke jina la marehemu mbele ya wenzake anapoomba fedha.

Kanuni za alama za barabarani za Marekani haziruhusu pia jina la kumbukumbu liandikwe kwenye mabango yanayoelekeza njia. Kwa hiyo dispacha wangu, yule anayenipangia safari, hawezi kuniambia nitokee kwa Frago na Gore. Atasema I-5 na namba ya njia ya kutokea, basi. Kwetu Dar es Salaam ni kinyume kabisa: jina la mtu likishapewa barabara hugeuka kuwa njia, na abiria wa daladala anayeshuka Sam Nujoma hana habari na Sam Nujoma mwenyewe, anachotaka ni kufika Mwenge. Jina ambalo halitumiki kuelekezea linabaki kuwa la mtu. Sidhani kwamba waliotunga kanuni zile walikusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyotokea.

Baada ya Newhall, kama mauaji yale ya 1970 yanavyoitwa kwa jina la mahali yalipotokea, polisi wa barabara kuu za California walibadili mafunzo yao: namna ya kusimamisha gari la hatari, kusubiri msaada kabla ya kusogea, kumwamuru dereva ashuke badala ya kumfuata alipo. Walipewa pia kifaa cha kujazia risasi zote sita kwa mkupuo mmoja. Hata zile herufi za jina Newhall ziligeuzwa kuwa orodha ya kukariri, ambamo W, ya neno la Kiingereza “wait”, ni kungoja wenzako.

Mwaka jana, usiku, taa moja ya tela yangu ilizimika nami nikasimamishwa na polisi kilomita chache kaskazini ya hapo. Walikuwa wawili. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mmoja akibaki nyuma ya mlango wa gari lao ulio wazi, asisogee hata hatua. Wa pili alikuja polepole upande wa kulia, mbali na magari yanayopita, akiimulika tela kwa tochi tangu mkiani, kisha akasimama nyuma kidogo ya mlango, hata ikanibidi mimi ndiye nipinde shingo kumwona. Alikuwa kijana, sauti yake ya upole. Niliweka mikono yote miwili juu ya usukani, nikamwomba ruhusa ya kuchukua leseni, na muda wote alipokuwa akiisoma nilikuwa nikiutazama ule mlango wa abiria.